Majibu ya skani ya mifupa nimeyaficha chini ya godoro kwa siku 16

Daktari, pokea salamu zangu kutoka Moshi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 61, na ninaishi na binti yangu pamoja na mjukuu wangu wa miezi 14. Ninakuandikia kwa sababu nina karatasi ya majibu ya hospitali ambayo nimeificha chini ya godoro kwa siku 16 sasa, na sijui tena nimuulize nani.

Miaka mitatu iliyopita niligundulika kuwa na kisukari. Muuguzi wa kliniki alinishauri nifanye mazoezi ya kutembea, na tangu Januari mwaka huu nikaamua kulitekeleza shauri hilo kwa dhati. Mimi niliyekuwa natembea hadi sokoni na kanisani tu, nikaanza kutoka kila alfajiri na kutembea karibu kilometa nane kwenye barabara ya lami. Sukari ilishuka vizuri, lakini kuanzia mwezi wa tano mguu wangu wa kushoto ulianza kuuma chini kidogo ya goti, kwa mbele. Mwanzoni uliuma nikitembea na kutulia nikipumzika, kisha ukawa unauma hata nikisimama jikoni kupika. Nilipigwa eksirei, nikaambiwa mfupa ni mzima. Kwa kuwa nilikuwa nalalamika pia maumivu ya mbavu za kushoto ninapogeuka kitandani, daktari alisema ni bora nikapigwe skani ya mifupa ya nyuklia ili mwili wote uonekane kwa mara moja, akaniandikia rufaa kwenda hospitali kubwa iliyo mbali na hapa.

Siku ya miadi iliahirishwa kwa wiki nzima, nikaambiwa kwa simu kwamba dawa haijafika. Nilijiuliza ni dawa gani hiyo inayosubiriwa kama meli. Nilipofika, nilichomwa sindano mkononi nikiwa tayari nimelazwa chini ya mashine, picha za miguu zikapigwa papo hapo, kisha nikaambiwa ninywe maji mengi, niende haja ndogo mara kwa mara, na nirudi baada ya saa tatu. Niliporudi nililala tena chini ya mashine kwa muda mrefu bila kusogea. Wakati wa kuondoka kijana mmoja aliniambia nisimpakate mtoto mdogo, na nikitumia choo nimwage maji mara mbili. Hakusema mpaka lini, au alisema nami sikusikia kwa woga niliokuwa nao. Tangu siku hiyo sijamshika mjukuu wangu. Akinijia akiwa amenyoosha mikono, ninamwita mama yake amchukue, naye analia.

Majibu niliyapokea ndani ya bahasha, yakiwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyeketi nami kunieleza. Nimeyatafsiri mwenyewe kwa kamusi. Yanasema kuna ongezeko la ufyonzaji wa dawa katika ubavu wa sita, wa saba na wa nane upande wa kushoto, na kwamba sehemu hizo zimepangana kwenye mstari mmoja. Yanasema kuna sehemu moja yenye ongezeko kubwa kwenye theluthi ya juu ya mfupa wa muundi wa kushoto, ambayo imeonekana katika hatua zote tatu za kipimo. Yanataja magoti yote mawili na taya la chini upande wa kulia. Uti wa mgongo na nyonga vimeelezwa kuwa vya kawaida, na figo zimeonekana. Mwishoni wameandika kwamba picha hizi zilinganishwe na historia ya mgonjwa na picha za eksirei.

Wifi yangu ndiye pekee niliyemdokezea jambo hili. Aliniambia kwamba mtu asiye na saratani hapelekwi kwenye nyuklia, na akanikumbusha jirani yetu mmoja ambaye mifupa yake ilionekana kuwaka hivyo hivyo na hakumaliza mwaka. Sijapungua uzito, sijawahi kuugua saratani, na nilipimwa matiti mwaka jana nikaambiwa hayana tatizo. Ila naweza kukuambia kwamba mwezi wa tatu niliteleza bafuni nikajigonga kwenye ukingo wa karo la kufulia, nikajichua kwa dawa nikaendelea na kazi, na wiki tano kabla ya kipimo niling'olewa gego. Pia nilizaliwa na kukulia Arumeru, na meno yangu yana madoa ya kahawia ya maji ya kule. Je, inawezekana ni maji hayo yaliyoniharibu mifupa? Na mionzi hii niliyochomwa, yenyewe haiwezi kuniletea saratani ambayo sikuwa nayo? Nilitakiwa kurudi kwa daktari wangu baada ya wiki moja. Sijaenda.

Mwalimu mstaafu, Moshi


JIBU

Shikamoo Mwalimu.

Kabla ya mifupa, tumalize la mjukuu, kwa sababu hilo halihitaji kusubiri hata saa moja. Mpakate leo. Dawa uliyochomwa hutengenezwa kwa madini ya teknesiamu-99m, ambayo nguvu yake ya mionzi hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Baada ya siku moja hubaki sehemu moja kati ya 16 ya nguvu ya mwanzo, na hiyo ni kabla ya kuhesabu kiasi kikubwa kilichotoka kwa mkojo ndani ya saa chache za kwanza, ambacho ndicho kisa cha kuambiwa unywe maji na umwage choo mara mbili. Katika siku 16 zilizopita nguvu hiyo imekatwa nusu mara 64. Hakuna kilichobaki mwilini mwako kinachoweza kumdhuru mtoto, wala kinachoweza kuonekana na kifaa chochote cha hospitali. Katazo ulilopewa lilikuwa la siku ile tu. Kijana yule alikuwa sahihi kukuonya, lakini alipaswa kukuandikia saa na tarehe ya mwisho wa katazo, maana mtu aliyetoka kulala chini ya mashine akiwa na hofu hawezi kutegemewa kukumbuka maneno ya mlangoni.

Sasa nije kwenye karatasi yako. Umeitafsiri vizuri kuliko unavyodhani, na ndani ya barua yako umeandika karibu kila kitu ambacho msomaji wa picha zile alikuwa anakihitaji na hakukipata.

Neno lililokutisha ni "ongezeko la ufyonzaji". Ili ulielewe, inabidi ujue kipimo hiki kinaangalia nini. Mfupa haukai kama jiwe. Kila siku kuna seli zinazobomoa mfupa wa zamani na seli nyingine zinazojenga mpya, na pale mfupa unapoumia, kuchoka, kuvimba au kusagika, seli za ujenzi huongezeka na damu nyingi zaidi hupelekwa mahali hapo. Teknesiamu hufungwa pamoja na kemikali ya jamii ya fosfati ambayo hupenda kujishika kwenye madini mapya ya mfupa, yaani hufuata mahali ambapo mafundi wako kazini. Kamera ya gama inapiga picha ya mionzi inayotoka huko, na penye ujenzi mwingi panaonekana peusi au pang'avu zaidi kulingana na rangi waliyochagua. Kwa hiyo picha ile inajibu swali moja: ni wapi mfupa unafanya kazi kuliko kawaida? Haijibu swali la pili, yaani kwa nini. Ufa unaounga, jipu la mfupa, goti lililosagika, uvimbe usio wa saratani na saratani iliyosambaa, vyote vinaweza kuleta mafundi mahali pamoja.

Ndiyo maana wifi yako amekosea, ingawa ninaelewa alikolitoa neno hilo. Ni kweli kwamba kipimo hiki hutumika sana kutafuta kama saratani ya matiti, ya tezi dume au nyingine imefika kwenye mifupa, na ni kweli kwamba katika nchi yetu huduma ya tiba ya nyuklia imekua ikiwa bega kwa bega na huduma ya saratani, kama ilivyo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Mtu akisikia jina la jengo, anamaliza hukumu kabla ya kusikia jina la ugonjwa. Lakini chini ya kamera hiyo hiyo hulala mkimbiaji kijana ambaye mguu unamuuma na eksirei haioni kitu, mzee aliyewekewa nyonga bandia ambayo huenda imelegea, na mtoto mwenye siko-seli ambaye daktari anataka kujua kama mfupa wake umekosa damu au umeingiwa na maambukizi. Mtoto huyo anaweza hata kuonyesha kinyume cha kwako, yaani mahali palipofifia kabisa, kwa sababu dawa haiwezi kufika pasipofikiwa na damu. Kuna pia kijana ambaye mfupa humuuma usiku na akimeza aspirini anatulia; mara nyingi kamera humwonyesha nukta kali ndani ya doa hafifu zaidi, alama ya uvimbe mdogo usio wa saratani ambao ukishaondolewa maumivu huisha. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyepelekwa pale kwa sababu ya saratani.

Tuanze na mbavu, kwa kuwa ndizo nadhani zilimtisha zaidi aliyekutisha. Karatasi yako inasema mbavu tatu zinazofuatana, upande mmoja, zikiwa zimepangana kwenye mstari. Msomaji hakuandika neno "mstari" kwa kupamba. Saratani inaposambaa kwenye mbavu haina sababu ya kuchagua mstari. Hutokea ubavu mmoja huku, mwingine kule, na mara nyingi hutambaa kwa urefu wa ubavu wenyewe. Kinachogonga mbavu tatu kwa mstari ni kitu kilichonyooka kilichokutana nazo kwa wakati mmoja, na wewe umenitajia kitu hicho kwa jina: ukingo wa karo. Ubavu uliopata ufa huendelea kuonekana kwenye skani kwa miezi mingi baada ya maumivu kupungua. Kwa kawaida mivunjiko tisa kati ya kumi hurudi kuwa ya kawaida kwenye skani ndani ya miaka miwili, na kwa watu wa umri wetu mkubwa huchukua muda zaidi kuliko kwa vijana. Anguko la mwezi wa tatu kuonekana bado mwezi wa saba si ajabu hata kidogo. Jambo la kusikitisha ni kwamba, kwa jinsi unavyosimulia, anguko hilo hulikumwambia mtu, kwa hiyo aliyesoma picha aliandika alichokiona na kuomba alinganishiwe na historia ambayo hakuwa nayo.

Taya ni rahisi zaidi. Gego lililong'olewa wiki tano kabla ya kipimo huacha shimo ambalo mfupa unalijaza, na kujaza huko ndiko kulikoonekana. Kama gego hilo ni la chini upande wa kulia, jambo limekwisha. Kama ni la upande mwingine, nenda ukaangaliwe meno, kwa sababu hata usaha kwenye mzizi wa jino huonekana hivyo. Magoti mawili kwa mwanamke wa miaka 61 aliyesimama mbele ya ubao kwa miongo mitatu hayahitaji maelezo marefu: ni kusagika kwa viungo, ambako huonekana kwenye skani ya karibu kila mtu wa rika lako.

Mguu ndio unaostahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu ndio uliokupeleka hospitali na ndio unaodai hatua.

Mfupa unapozidishiwa kazi ghafla, ubomoaji hutangulia na ujenzi hufuata nyuma ukiwa umechelewa. Katikati ya hali hiyo mfupa hupata ufa mwembamba bila mtu kuanguka wala kugongwa. Wanajeshi wapya huupata katika wiki za kwanza za mafunzo, wakimbiaji huupata wanapoongeza kilometa kwa pupa, na mtu aliyekuwa akienda sokoni tu kisha akaanza kilometa nane za lami kila alfajiri ni mtu wa kundi hilo hilo. Maumivu yako pia yameongea lugha hiyo: yalianza na mwendo, yakatulia kwa mapumziko, kisha yakaanza kubaki. Eksirei yako kuwa safi hakupingi hayo. Eksirei huona madini ya mfupa, na mfupa unaweza kupoteza kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake mahali fulani kabla tundu halijaonekana wazi. Ufa wa namna hii mara nyingi haujitokezi kwenye eksirei kwa wiki mbili au tatu za kwanza, na mwingine haujitokezi kabisa mpaka uanze kuunga. Skani ya nyuklia, kwa upande wake, huona mivunjiko takribani 80 kati ya 100 ndani ya saa 24, na 95 kati ya 100 ndani ya siku tatu, kwa sababu yenyewe inafuata kazi ya kujenga ambayo huanza mapema.

Hapo ndipo zinapoingia zile "hatua tatu" ulizozitafsiri. Picha za kwanza zilizopigwa sindano ikiwa bado inaingia zilikuwa zinaangalia damu inavyokimbilia mguuni. Zile za dakika chache baadaye zilikuwa zinaangalia damu iliyotuama kwenye nyama na mfupa. Zile za saa tatu baadaye, dawa ikiwa imeshatoka kwenye damu na kwenye nyama, ziliangalia mfupa peke yake. Mtu anayeumwa tu na utando wa mfupa wa muundi kwa kutembea sana kwa kawaida huwa na picha mbili za kwanza zilizo safi, na ya tatu huonyesha mstari mrefu hafifu ukingoni mwa mfupa. Wewe una sehemu moja, yenye nguvu, iliyoonekana katika hatua zote tatu. Hiyo inaelekea kwenye ufa ambao bado ni mbichi. Ningekuwa naandika kwa uaminifu nusu ningeishia hapo, lakini maambukizi ya mfupa nayo huonekana katika hatua zote tatu, na wewe una kisukari, kwa hiyo ni lazima daktari akuulize kuhusu homa, aangalie kama ngozi ya mahali hapo ina joto, wekundu au kidonda, na akupime damu. Ukiwa na lolote kati ya hayo leo, nenda leo.

Kuhusu Arumeru, swali lako ni la maana na sitalipuuza, maana watu wa miteremko ya Mlima Meru wamekunywa maji yenye floridi nyingi kwa vizazi, mara nyingi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa kikomo, na magadi ya kupikia yameongeza juu yake. Floridi ya kiasi kikubwa na ya muda mrefu huacha madoa kwenye meno, na kwa baadhi ya watu huingia kwenye mifupa, ikaifanya mizito na migumu hasa uti wa mgongo na nyonga. Lakini mifupa iliyoathirika kwa kiwango hicho huelekea kuonekana kwenye skani kama mifupa mingi iliyowaka kwa pamoja, mgongo ukiongoza, kiasi kwamba dawa inayobaki kwa ajili ya figo ni kidogo na figo hufifia pichani. Yako inasema mgongo na nyonga ni vya kawaida na figo zimeonekana. Madoa ya meno ni ushahidi wa maji uliyokunywa utotoni, wakati meno yako yalipokuwa yakijijenga. Skani hii haionyeshi kwamba mifupa yako imefuata njia hiyo. Mwambie daktari ulikokulia hata hivyo.

Kuhusu dawa iliyosubiriwa kama meli, mfano wako uko karibu na ukweli. Teknesiamu-99m haiwezi kuwekwa stoo, kwa kuwa baada ya siku moja au mbili haina kazi tena. Hospitali hupokea chombo chenye madini mama yanayoitwa molibdenamu-99, ambayo nayo hupungua nusu kila baada ya saa 66, na kila asubuhi wataalamu hukamua humo teknesiamu ya siku hiyo. Molibdenamu hiyo huzalishwa kwenye vinu vichache tu duniani, kama kile cha Pelindaba nchini Afrika Kusini na kile cha Petten nchini Uholanzi, kisha husafirishwa kwa ndege. Ndege ikichelewa, au kinu kikifungwa kwa matengenezo, wagonjwa wa Afrika Mashariki huahirishiwa miadi. Hakuna aliyekuficha kitu.

Na mionzi uliyopokea ni kiasi gani? Skani ya mifupa humpa mtu mzima takribani milisivati 4 hadi 5, ambazo ni kizio cha kupimia athari ya mionzi mwilini. Kila binadamu hupokea kwa wastani takribani 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa, chakula na anga, bila kwenda hospitali. Uliongezewa basi kiasi cha miaka miwili hivi ya maisha ya kawaida. Hatari yake si sufuri, na kwa sababu hiyo kipimo hiki hakifanywi kwa kujifurahisha wala kwa mjamzito bila sababu nzito, lakini katika umri wako ni hatari ndogo mno kulinganisha na hatari ya kuendelea kutembelea mfupa wenye ufa. Kwa sababu hiyo hiyo nisingependa upigwe tena skani hii baada ya miezi michache ili tu kuona kama madoa yameondoka. Mbavu zako zitaendelea kuonekana, nawe utaogopa upya bila sababu.

Sijakupima, Mwalimu, na sijaziona picha zenyewe. Ninachoweza kusema ni kwamba kila sehemu iliyotajwa ina maelezo ndani ya barua yako mwenyewe, na kwamba mpangilio wake haufanani na ule wa saratani iliyosambaa, ambayo hupenda uti wa mgongo na nyonga, mahali ambapo karatasi yako inasema ni salama. Kuthibitisha ni kazi ya daktari wako, na haihitaji mambo makubwa. Eksirei ya mguu irudiwe sasa, kwa kuwa wiki zimepita na mfupa unaounga huanza kuonekana, na ya mbavu ipigwe pia. Kama mguu bado una shaka, CT ya mahali hapo (eksirei ya kompyuta inayokata picha tabaka kwa tabaka) au MRI (picha za sumaku zisizo na mionzi) itaumaliza ubishi. Ukipata MRI, itamwonyesha pia daktari nyama na uboho ulio ndani ya mfupa, jambo ambalo skani ya nyuklia haiwezi.

Kuna kitu kingine ninachokutaka umuombe, na hiki ninakisema kwa msisitizo kwa sababu wengi hukichanganya na ulichofanyiwa. Skani ya nyuklia haipimi uimara wa mifupa. Mwanamke aliyepita ukomo wa hedhi, aliyepasuka mbavu tatu kwa kuteleza bafuni na kupata ufa wa muundi kwa kutembea, anatakiwa achunguzwe kama mifupa yake imepoteza uzito. Kipimo chake ni kingine, cha msongamano wa mifupa, nacho hutumia mionzi kidogo sana. Pamoja nacho iangaliwe damu kwa kalisi, fosfati, vitamini D, utendaji wa figo, na homoni ya tezi ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo, kwa sababu homoni hiyo ikizidi hunyonya kalisi kutoka kwenye mifupa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito zaidi katika karatasi yako, na ndilo ambalo halikuandikwa humo.

Kuanzia kesho alfajiri acha zile kilometa nane. Ufa wa namna hii kwa kawaida huhitaji wiki sita hadi nane za kuupunguzia mguu uzito, na daktari atakuambia kama utumie mkongojo. Tembea ndani ya nyumba kwa mahitaji ya lazima tu, na maumivu yakizidi au ukashindwa kukanyaga, usisubiri siku ya miadi. Dawa za kisukari endelea nazo kama ulivyoandikiwa, pima sukari mara nyingi zaidi kwa kuwa mazoezi yamepungua, na mwombe muuguzi wa kliniki akuonyeshe mazoezi ya mikono ya kufanya ukiwa umeketi. Shauri lake la kutembea lilikuwa zuri, ila liliingia mguuni kwa ghafla. Ukipona utarudi barabarani, ukianza na kilometa moja na kuongeza polepole.

Nenda kwa daktari wako wiki hii hii. Chukua karatasi ile pamoja na picha zenyewe kama ulipewa, eksirei ya kwanza, orodha ya dawa zote unazotumia, na kipande cha karatasi ulichoandika kwa mkono wako mambo matatu: tarehe ya kuteleza bafuni na upande uliogonga, tarehe ya kung'olewa gego na upande wake, na mwezi ulioanza kutembea kilometa nane. Akishasoma kipande hicho, mwombe atafute sababu ya kila doa moja moja, nawe usikilize kama kuna lolote lililobaki bila maelezo. Na leo jioni, mjukuu akiwa mapajani mwako, itoe karatasi chini ya godoro umwonyeshe binti yako, ili siku hiyo mwende pamoja na yeye ashike kalamu wakati daktari anaeleza.